Mlima Usio na Miguu

Ukuta ulio nyuma ya madhabahu ya kanisa letu hapa Kwa Mrombo bado ni mweupe. Tulimaliza kupaua, tukapiga lipu, tukapaka rangi ya kwanza, na hapo fedha ya ujenzi ikakata. Ilipopatikana tena kidogo, kamati iliulizwa swali ambalo hakuna aliyedhani lingetuchukua miezi: tuweke nini kwenye ukuta ule?

Mapendekezo yalikuwa mawili. La kwanza lilikuwa bango la kuchapishwa, lenye picha ya Yesu wa nywele za rangi ya dhahabu, amesimama kwenye majani mabichi ya nchi ambayo hakuna msharika wetu aliyewahi kuikanyaga. Bei yake ilikuwa nafuu na lingekuwa tayari kwa siku mbili. La pili lilikuwa kumpa kazi kijana wetu mmoja, aliyekulia Shule ya Jumapili hapahapa, ambaye sasa anajipatia riziki kwa kuchora picha za tembo na twiga za kuwauzia watalii. Tulimwomba alete mchoro wa mfano. Akauleta umekunjwa kwenye gazeti, akautandika mezani.

Tuseme kweli: tulishtuka. Mlima Meru ulikuwepo, lakini haukuwa na miguu. Kilele kilikuwa kimening'inia hewani, cha buluu, na chini yake palikuwa na weupe mtupu. Mbele yake ulipita msafara mrefu wa watu wadogo wadogo, hawana macho wala midomo, wamebeba mizigo ambayo hatukuweza kuitambua. Miti ilikuwa mikubwa kuliko watu, na baadhi ya watu ungeweza kuwadhania ni miti.

"Mwanangu," akasema mama mmoja wa kamati kwa upole, "hawa watu mbona hawana nyuso?"

"Wanazo, mama," kijana akajibu. "Ila wako mbali."

Tangu siku hiyo tumebishana sana. Wapo waliosema huo si mlima wetu. Wapo waliosema picha ya kanisani lazima ieleweke na mtoto wa Shule ya Jumapili. Wapo waliosema ni mambo ya ndoto, na kanisa si mahali pa kuota. Sisi tunaoandika makala hii tulikuwa pande zote mbili za meza. Tumekubaliana tu jambo moja, kwamba kabla ya kumhukumu kijana tumtazame mzee mmoja aliyekwisha kupita njia hiyo, mchoraji aliyezaliwa mwendo wa saa moja na nusu hivi kutoka hapa tulipo. Huyo ni Sam Joseph Ntiro wa Machame.

Ntiro alizaliwa mwaka 1923. Alisoma Makerere, Uganda, miaka ya 1940, kisha akabaki pale kufundisha. Kuanzia 1952 hadi 1955 alikuwa London, kwenye shule ya sanaa ya Slade. Tanganyika ilipopata uhuru mwaka 1961, yeye ndiye aliyepelekwa London kuwa balozi wetu. Baadaye alirudi nyumbani akatumikia utamaduni wa taifa, akafundisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na akafariki mwaka 1993. Wengi wetu tumeimba wimbo wa taifa maisha yetu yote bila kujua kwamba mmoja wa mabalozi wetu wa kwanza alikuwa mtu wa brashi na rangi.

Ili kuelewa picha zake ni lazima kumjua mwalimu wake wa Makerere, mama mmoja Mwingereza aliyeitwa Margaret Trowell. Alikuwa mke wa daktari na Mkristo wa dhati. Namna yake ya kufundisha ilikuwa ya ajabu kwa wakati ule. Hakuweka chungu mezani akawaambia wanafunzi wakinakili. Aliwasimulia habari kwa maneno, mara nyingine habari ya kijijini, mara nyingine habari ya Biblia, kisha akawataka waione kwanza ndani ya vichwa vyao. Kilichopakwa kwenye karatasi kilikuwa kile kilichoonekana ndani. Kwa hiyo Ntiro alianza na jicho la ndani, na mandhari aliyoyachora akiwa Kampala yalikuwa ya Machame, mahali ambapo wakati huo hakuwa akipaona kwa macho.

Kisha akaenda London. Hapa tuombe uvumilivu wa msomaji, maana inatupasa kueleza maneno mawili ambayo wachoraji huyatumia na sisi washarika hatuyajui vizuri.

Neno la kwanza ni sanaa ya dhahania. Ni picha isiyoonyesha kitu chochote unachoweza kukitaja kwa jina. Ina mistari, maumbo na rangi tu. Huko Ulaya ilianza kushika nguvu miaka ya 1910, kwa watu kama Kandinsky. Tukisikia hivyo tunasema ni mambo ya Wazungu, lakini jirani zetu Wamaasai na Waarusha wamevaa sanaa ya dhahania shingoni tangu zamani. Ushanga wa mama anayeuza maziwa hapa sokoni hauonyeshi ng'ombe wala mti. Una mpangilio wa rangi, na hakuna anayemuuliza, "Mama, hii ni picha ya nini?" Kanga nazo ni hivyo hivyo, na kitenge cha kwaya yetu ni hivyo hivyo.

Neno la pili ni usurialisti. Ni sanaa ya kindoto iliyotangazwa rasmi Paris mwaka 1924 na mshairi André Breton na wenzake. Wao walichukua vitu tunavyovijua wakavipanga namna visivyoweza kupangika tukiwa macho: saa iliyoyeyuka, mawe yanayoelea, mtu asiye na uso. Wengi wa waanzilishi wake hawakumpenda Mungu wala kanisa, na hatuna haja ya kuficha hilo. Lakini njia ya ndoto haikubuniwa nao. Msomaji wa kitabu cha Mwanzo anamkuta Yakobo amelala kwa kichwa chake juu ya jiwe, naye anaona ngazi kati ya mbingu na nchi. Anamkuta Yusufu na miganda inayoinama. Msomaji wa Danieli anakutana na wanyama wasiofugwa popote. Mungu alipotaka kusema neno zito, mara nyingi alitumia picha ambayo haikufanana na kitu cha mchana.

Mwaka huohuo wa 1952, Ntiro alipoanza masomo Uingereza, mji wa Glasgow ulinunua picha ya msalaba iliyochorwa na Salvador Dalí, mmoja wa vinara wa sanaa hiyo ya ndoto. Humo Kristo anaonekana kutoka juu, kana kwamba tumesimama mahali alipo Baba, na chini ya msalaba kuna ghuba tulivu yenye mashua na wavuvi. Hakuna misumari wala damu. Watu walipigana maneno juu ya picha hiyo, wengine kwa sababu ya bei, na mwaka 1961 mtu mmoja aliingia akaichana. Tunalitaja hili ili kamati yetu isijione kuwa ya kwanza duniani kugombana kwa ajili ya ukuta.

Basi, kijana wa Machame alikuwa katikati ya mambo hayo yote. Hata shuleni kwake Slade palikuwa na mkondo mwingine tena. Mkuu wa shule hiyo, William Coldstream, alikuwa mchoraji wa kupima: anamtazama mtu aliye mbele yake, anapima kwa jicho na brashi umbali wa pua na sikio, halafu ndipo anaweka alama. Kwa hiyo Ntiro alikuwa na njia tatu mbele yake. Angeweza kuwa mpimaji, angeweza kuyaacha maumbo kabisa, au angeweza kuota ndoto za Paris. Njia yoyote kati ya hizo ingempatia sifa ya kuwa mchoraji wa kisasa.

Aliendelea kuichora Machame kwa kumbukumbu.

Wapo waliomwona kuwa hakukua. Walisema picha zake ni za kitoto, hazina kina cha mbali na karibu, watu wake ni wadogo na hawana sura. Hata Makerere, baada ya Mama Trowell kustaafu mwaka 1958, uongozi mpya wa shule ya sanaa ulisisitiza zaidi ufundi na historia ya sanaa ya Ulaya, na njia ya jicho la ndani ikaanza kuonekana ya kizamani. Lakini sisi tukizitazama picha za Ntiro tunaona kwamba mtu huyu alibadilika kwa namna ya mkulima, ambaye halihami shamba lake ila kila mwaka jembe linazama zaidi.

Tazameni ile inayojulikana kuliko zote. Aliichora mwaka 1956, muda mfupi baada ya London, na leo imo katika hazina ya jumba la sanaa ya kisasa la New York, lile liitwalo MoMA. Ni ndogo, kama sentimita 41 kwa 51. Ingetosha juu ya meza ya sadaka. Jina lake kwa Kiswahili lingekuwa "Wanaume wakipeleka pombe ya ndizi kwa bibi harusi usiku". Tuliichapisha kwa rangi hapa kwenye steshenari, kwenye karatasi kubwa, tukaibandika ndani ya ofisi ya usharika.

Jambo la kwanza lililotokea ni kwamba mzee mmoja aliitazama, akasoma jina, akasema pombe haiwezi kukaa ofisi ya kanisa. Tulicheka, lakini hoja yake si ya kuchekwa. Uchagani, makanisa yamehangaika na mbege kwa vizazi, na kuna nyumba miongoni mwetu zilizovunjwa na kikombe. Tulimjibu kwamba picha hii haimsifii mlevi. Inaonyesha deni la heshima: ukoo mmoja unaufuata ukoo mwingine usiku na mzigo kichwani, kwa sababu binti wa watu hachukuliwi mikono mitupu. Na muujiza wa kwanza katika Injili ya Yohana ulifanyika kwenye arusi ambayo kinywaji kilipungua. Mzee alinyamaza kidogo, akasema, "Haya, ikae. Lakini msiibandike karibu na ratiba ya kwaya ya vijana."

Jambo la pili ni usiku wenyewe. Ni usiku, na bado tunaona. Usiku wa kweli wa migombani ni giza la kutoona mkono wako. Aliyewahi kutembea kihambani bila tochi anajua. Mchoraji wa kupima angelazimika kuchora weusi. Ntiro anachora usiku kama anavyoukumbuka mtu aliyeupitia utotoni na sasa yuko mbali: kila kitu kipo mahali pake, kila jani linajulikana, hofu imeondoka. Huo ndio mwanga wa ndoto. Katika ndoto hakuna anayeuliza taa iko wapi.

Jambo la tatu mlijaribu nasi. Katika picha nyingi za Ntiro, ukiwafunika watu kwa kiganja, kinachobaki ni mpangilio wa majani, vigogo na vilima vinavyorudiarudia, karibu kama kitambaa. Hapo sanaa ya dhahania imeingia bila kubisha hodi. Ukiondoa kiganja, watu wanarudi na kitambaa kinakuwa tena kijiji. Kwa hiyo mambo ambayo vitabu huyatenganisha katika vyumba vitatu, yaani dhahania, ndoto na mandhari, kwake yanakaa nyumba moja. Hakuhitaji kuyafuata Paris. Aliyakuta njiani alipokuwa akijitahidi kukumbuka nyumbani.

Hapa ndipo picha zake zinapotugusa sisi wa Kwa Mrombo kuliko watu wengine. Jina la mtaa wetu lenyewe ni la mtu aliyetoka kwingine. Mrombo ni mtu wa Rombo. Mahali hapa panaitwa kwa jina la mtu ambaye kila mtu aliyemwita hivyo alikuwa akimkumbusha kwamba kwao siyo hapa. Na sisi je? Mulizeni msharika yeyote baada ya ibada, mtasikia Marangu, Same, Singida, Kondoa, Babati. Siku za wiki tunakula vumbi la daladala na moshi wa nyama choma. Ikifika Desemba tunapanga foleni barabara ya Moshi, na watoto waliozaliwa hapa wanaambiwa, "Tunakwenda nyumbani," mahali ambapo hawajui hata njia ya choo. Kila mmoja wetu ana kijiji ndani ya kichwa, chenye migomba mikubwa kuliko ile ya kweli na mto wenye maji kuliko ule wa kweli. Ntiro alichora kile tunachokibeba. Waraka kwa Waebrania, katika sura ya 11, unawasifu watu walioishi kama wageni wakiitazamia nchi ambayo hawakuwa wameifikia. Sisi tunasema aliyewahi kukumbuka nyumbani kwa namna hii amefanyishwa mazoezi ya imani, hata kama hakujua.

Sasa tuje kwenye nyuso. Katika Injili ya Marko, sura ya 8, kuna muujiza ambao wahubiri wengi huuruka kwa sababu unasumbua. Ni habari ya kipofu wa Bethsaida. Yesu anamgusa, anamuuliza anaona nini, naye anajibu kwamba anawaona watu, ila wanafanana na miti inayotembea. Hajapona vizuri, wala si kipofu tena. Ndipo Yesu anamgusa mara ya pili, na anaona kila kitu waziwazi. Tumeisoma habari hii mara nyingi tukidhani mguso wa kwanza ulikuwa na kasoro. Tuliposimama mbele ya picha ya Ntiro, yenye watu na miti isiyotaka kutenganishwa, tuliisoma upya. Mguso wa kwanza nao ulitoka kwa Bwana. Kuona kwa ukungu kulikuwa sehemu ya uponyaji, na yule mtu hakukaripiwa kwa kusema ukweli wa alichokiona. Wachoraji wa namna hii wanasema ukweli wa mguso wa kwanza. Nasi wengi, tukiwa wakweli, ndipo tulipo.

Lakini habari ya Bethsaida haiishii hapo, na kwa sababu hiyo hatuwezi kumsifu Ntiro kwa kila kitu. Kuna jambo ambalo ndoto yake halitaki kuliona. Katika picha zake watu wanalima pamoja, wanakata kuni, wanavuna, wanabeba. Kazi ya pamoja ilikuwa imejaa turubai zake miaka kadhaa kabla ya Azimio la Arusha la 1967, na tunaelewa kwa nini taifa changa lilimpenda. Ila hakuna anayegombana. Hakuna ndugu wawili waliosimama mpakani na mapanga. Kihamba hakipungui. Na sisi tunajua kilipungua: baba mwenye wana watano aliwagawia vipande, wale watano wakagawa tena, hadi mwana mmoja akaambiwa kwa upole kwamba hakuna tena pa kukata. Huyo ndiye aliyekuja Arusha. Huyo ndiye anayekaa chumba kimoja cha kupanga nyuma ya gereji. Kama picha za Ntiro zingekuwa kweli yote, Kwa Mrombo pasingekuwepo. Kumbukumbu inayosafisha kila kitu inaweza kuwa dawa ya usingizi, na tunawajua watu wanaoipenda nyumbani ya kichwani kiasi cha kutowasalimia majirani walionao.

Kwa upande huu tunamhitaji mchoraji wa pili wa mlima uleule, Elimo Njau, aliyezaliwa Marangu mwaka 1932 na kusoma Makerere kama Ntiro. Yeye alipewa kuta za kanisa. Murang'a, Kenya, kanisa la Kianglikana lilijengwa kuwa ukumbusho wa Wakristo waliouawa wakati wa vita vya Mau Mau, na mwaka 1959 Njau alikamilisha humo michoro mitano mikubwa: kuzaliwa kwa Yesu, ubatizo, Karamu ya Bwana, Gethsemane na kusulubiwa. Watu wake ni Waafrika na nchi ni ya vilima vile vile ambavyo washarika wa Murang'a walivilima. Fikirini ujasiri wake. Nchi ilikuwa na majeraha mabichi. Jirani alikuwa amemwua jirani, na serikali ya kikoloni ilikuwa imenyonga na kufunga maelfu. Mchoraji angeweza kuwapa mandhari ya kupumzisha macho. Akawapa Gethsemane katika ardhi yao wenyewe. Nafsi ya mtu anayeomba kikombe kimwepuke iliwekwa mahali ambapo watu walikuwa wamekesha wakiomba hilohilo.

Njau alikuwa na msemo aliourudia kwa wanafunzi wake kwenye jumba lake la sanaa la Paa ya Paa, Nairobi, kwamba mtu anayenakili anamlaza Mungu usingizi. Tulipousikia tulifikiria bango letu la siku mbili. Hatusemi kwamba Yesu wa nywele za dhahabu ni dhambi. Bibi zetu wengi walikufa wakiwa wameshika kadi yenye picha hiyo, na imani yao ilikuwa kubwa kuliko yetu. Tunasema tu kwamba picha hiyo haikutugharimu lolote. Hakuna aliyeomba ili aione. Hakuna aliyebishana nayo. Tungeitundika na kuacha kuitazama Jumapili ya tatu.

Katika ubishi wetu hoja mbili zilikuwa nzito kuliko zote, na tunaziandika zote mbili hapa kwa sababu hakuna iliyoishinda nyenzake. Mwalimu mmoja mstaafu alisema hivi: Mungu wa Biblia huwaita watu kwa majina. Alimwita Samweli usiku, alimwita Zakayo juu ya mti, alimwita Mariamu bustanini. Msafara wa watu wasio na nyuso unamfundisha mtoto kwamba mbele za Mungu sisi ni umati. Ni hoja ya kweli, na mchoraji yeyote wa kanisa inampasa kuijibu.

Hoja ya pili ilitoka kwa mjane mmoja ambaye hakuwa hata mjumbe wa kamati. Alikuja kufagia, akaukuta mchoro mezani, akasimama muda mrefu na ufagio mkononi. Mwanawe alikufa kwa ajali ya bodaboda miaka michache iliyopita. Akasema, "Huyu wa nne kutoka mwisho ni yeye." Tukamuuliza amemjuaje, maana hana uso. Akasema, "Angekuwa na uso, angekuwa wa mtu mwingine."

Baada ya hapo hatukuweza kusema kwa urahisi kwamba picha ya namna ile haieleweki. Mama yule aliielewa kabla yetu. Uso usiochorwa ulimwachia nafasi ya kumweka mtu wake, na hilo si jambo ambalo bango lingeweza kumfanyia. Lakini mwalimu naye hajakosea. Ndiyo maana tulipomwita tena kijana hatukumwambia afute, wala hatukumwambia aongeze macho na pua. Tulimsomea Marko 8. Tukamwonyesha Ntiro, tukamwonyesha Njau. Tukamwuliza kama katika msafara ule anaweza kuonekana mtu mmoja ambaye Bwana amemgusa mara ya pili, na kama barabara inaweza kuwa hii yetu, yenye mashimo.

Alikaa kimya. Kisha akasema kitu kuhusu mlima. Alisema tangu utoto amekuwa akiutazama Meru kutoka uani kwao, na miezi ya Juni na Julai mawingu hukaa kiunoni asubuhi nzima. Kilele kinaonekana, shina halionekani. "Sikubuni," akasema. "Mimi nauona hivyo. Nyinyi mnajua kuna miguu, kwa hiyo mnaiona."

Keshoye asubuhi baadhi yetu tulitoka mapema kabla ya daladala kuanza kutimua vumbi, tukatazama kaskazini. Ilikuwa kama alivyosema. Mlima wenye zaidi ya mita 4,500 ulikuwa umekaa juu ya weupe, hauna kitu cha kuushikilia. Tumeishi hapa miaka kumi, wengine ishirini, na tulikuwa tumeusahihisha kila siku bila kujua.

Mchoro wa pili haujakamilika. Kamati itapiga kura baada ya sikukuu ya mavuno, na kuna wanaosema bado watachagua bango. Ni haki yao, tena ni wapendwa wetu. Tunachoomba kwa msomaji ni kidogo. Akipita usharikani kwetu siku ya wiki, aombe ufunguo wa ofisi. Karatasi ya Ntiro ipo ukutani, upande wa mbali na ratiba ya kwaya. Aikalie mbele yake muda wa wimbo mmoja hivi, awahesabu wale wanaume wanaotembea usiku, kisha aje atuambie ameona nini. Hata akituambia ameona miti, tutamsikiliza.